Vikombe Vya Uji

Wachuka alimjua kwa ulimi. Karani huyo, aliyetumwa kuwauliza vibarua wa mashamba ya pareto huko Bahati habari za kazi, familia na furaha, alilamba penseli yake ya wino kabla ya kila jibu, hata ulimi ukawa wa zambarau. Idadi ya watoto hakuiuliza kamwe. Kwao kumhesabu mtoto ni kumtafutia mkosi, naye alikuwa Mkikuyu mwenzao. Alichungulia tu kwenye rafu, akaguna, akahesabu vikombe vya uji, kila kikombe mtoto mmoja. Basi kina mama waliposikia kwamba wenye watoto wengi wataongezewa posho, vikombe vikaanza kumtangulia nyumba hadi nyumba.

Wachuka alikuwa na watoto wawili na vikombe tisa. Karani alichukua kimoja cha bati, chenye ukingo uliobanduka rangi, akakigeuzageuza. Hicho kilikuwa kimeshahesabiwa kwa majirani wanne.

"Na hiki tumeshajuana," karani akasema. Akalamba penseli, akaandika tisa, akaketi. "Nipe uji, mama, nitakunywa polepole. Lakini nitilie kwa kikombe kingine. Hiki kinangojwa kwa jirani."