Lango la Mpingo

Wageni wakija kwangu husimama kwanza langoni, wagonge zile nguzo mbili kwa ngumi, waseme, "Mzee, hii ndiyo kazi!" Nyamazeni, huwa nasema moyoni. Hamjui mnachokisifu.

Nilizisimamisha enzi za Mwingereza, nikiwa utingo wa lori la shamba la mkonge, huku chini ya Magoma. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza iliharibika tukimbeba kitandani kutoka nyumbani hadi barabarani, njia nzima mawe na mteremko. Safari hii niliapa lori litamfuata mlangoni. Dereva wangu akakubali. Nikachonga njia mpaka uani, ikabaki kujenga lango, mbuzi wa watu wasije wakatumalizia mahindi.

"Weka milingoti ya mkonge," mke wangu akaniambia. "Si imejaa tele huko shambani? Unajenga lango, hujengi boma la Mjerumani."

Mimi na ubishi wangu! Nikamwambia milingoti ya mkonge masika mawili tu imekwisha, nami nataka lango ambalo mwanangu atalikuta. Nikafuata mpingo Handeni. Nikachagua miwili iliyonyooka, kiini cheusi tii, nikauchonga ule weupe wote wa nje, maana ndio wanaoupenda mchwa.

Lori nililipima upana jioni kwa kamba ya mkonge, nikaongeza shubiri moja, nikapiga fundo. Kamba nikaiacha uani, ikanyeshewa. Asubuhi nikaivuta vilevile imelowa, nikaweka alama, nikachimba. Mimi! Mtu niliyefunga mizigo kwa kamba hiyo miaka yote, ninayejua kwamba ikilowa hufupika. Furaha ilinifanya zuzu. Mashimo yalinifika kiunoni, nikashindilia mawe na udongo wa kichuguu mpaka mikono ikachubuka.

Wiki haikupita, uchungu ukaanza. Ilikuwa asubuhi. Nilikimbia kumwita dereva, lori likaja, likapinda kuingia, likakwama. Bodi iligusa nguzo zote mbili. Kulia mtaro, kushoto mwamba.

"Twende tumbebe," dereva akasema.

"Habebwi tena!" Nikachukua mtalimbo, nikaanza kuchimbua. Dereva akarudi nyuma kidogo, akaisukuma nguzo moja kwa bampa, haikutikisika. Mlingoti wa mkonge ungekatika kwa teke. Nilichimba huku nalia, na mke wangu namsikia ndani akiniita, "Bwana we, njoo unibebe tu." Nikamjibu, bado kidogo. Akaita tena. Nikamjibu vilevile. Jua lilikuwa limeshapanda nilipoutupa ule mtalimbo. Dereva akarudisha lori nyuma, tukambeba kitandani, tukapita naye katikati ya nguzo zangu.

Mtoto alizaliwa garini, kabla hatujafika Korogwe. Wa kiume. Hakulia. Mkunga hospitalini aliniambia huenda hata tungewahi isingesaidia. Alinionea huruma tu, namshukuru.

Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Lakini tangu aliporudi hakupita langoni. Alikata uwazi kwenye ua wa minyaa, akawa anashuka mtaroni na kupanda upande wa pili, ndoo kichwani, masika na kiangazi. Nilimsihi. Nikamwambia nitazing'oa zile nguzo, hata kwa kuzichoma moto.

"Ziache," akasema. "Ulimjengea mwanao. Mimi napita huku."

Hatukupata mwingine. Alipita huko mpaka nywele zikawa nyeupe, mpaka nikawa namshika mkono kumvusha. Siku ya kumzika, wabebaji waliinua jeneza wakaelekea langoni. Nikawazuia.

"Mzee, lango si lile pale?" wakaniuliza.

Nikawaambia mke wangu hapiti pale. Nikashika jeneza mbele, tukashuka naye mtaroni.