Mguu wa Mama Mkwe

Fundi Kipimo aliamini jambo moja kuliko yote: giaboksi haichaguliwi kwa kutazama injini, huchaguliwa kwa kutazama mguu. Wenye pikapu kubwa, zile za kupanda milima na kuvuka makorongo, walimjia wakijitapa kwa nguvu za farasi. Aliwaacha wamalize kujitapa, kisha akawaonyesha ubao uliokuwa mlangoni mwa gereji yake, ambao juu yake alikuwa amefunga pedali ya klachi ya lori, yenye springi ngumu ajabu.

"Vua kiatu, kanyaga, hesabu mpaka mia," alisema, akajimiminia chai.

Aliyefika mia bila kutetemeka alifungiwa gia za mkono. Aliyetetemeka alifungiwa otomatiki yenye kipoozeo kikubwa cha mafuta, maana injini ya nguvu ikipanda mlima polepole na mzigo, otomatiki huchemka mpaka ikaungua. Aliyekataa kuvua kiatu kwa kawaida alikuwa na soksi iliyotoboka, na huyo alisamehewa. Msimamizi mmoja wa barabara, pande la mtu, aliishia thelathini na saba, akadai saa yake imesimama. Na hesabu yenyewe ilikuwa ya mdomo!

Watu walikuja kutoka mbali kupimwa, ila mama mkwe wake, anayeishi mtaa wa pili, hakuja. Miaka kumi na miwili alipeleka magari yake ng'ambo ya barabara kwa Msomi, fundi asiyegusa nati kabla ya kuiuliza simu yake. Kila alipopita alimpungia Kipimo mkono, kisha akakata kona kwa Msomi. Jambo hilo lilimuuma Kipimo, na alilisema nyumbani mpaka mkewe akachoka masikio.

Basi asubuhi moja mama mkwe akaingia gerejini akivutwa na trekta. Alikuwa kwenye usukani wa pikapu ya mnada, silinda nane, giaboksi imesagika kama unga. Yeye ni mshonaji wa maturubai, na sasa alikuwa amepata kazi ya kuyapeleka kwenye kambi za wavunja kokoto huko juu mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msomi kaniambia nitie giaboksi yoyote itakayoingia. Nikaona huyu anafanya mzaha na roho yangu. Chagua wewe. Ukikosea narudi kwake, na huku hunioni tena."

Kipimo akautazama ubao. Akavitazama viatu vya mama mkwe, vyeusi, vimefungwa kamba barabara. Sasa utamwambiaje mama aliyekuzalia mke avue kiatu mbele ya watu, ahesabu mpaka mia, na wewe umeshika kikombe? Akarudi kinyumenyume huku akicheka bila sababu, akautupia ubao ovaroli.

Akapiga hesabu zake kimyakimya. Mama ana miaka sitini na tatu, na ngazi huzipanda akishika ukuta. Otomatiki! Akatafuta iliyo imara, ya kubeba nguvu zote zile, akaifunga na kipoozeo kikubwa kama sinia.

"Mama kapima mguu?" mkewe aliuliza jioni.

"Mama yako?"

"Kwani mama yangu hana mguu?"

Kipimo akajifanya anatafuta spana, na walikuwa sebuleni.

Siku ya nne mama mkwe akarudi, amekunja uso.

"Imeharibika, mama?"

"Ingeharibika ningeshukuru. Nzima kabisa, ila haina haja na mimi. Kwenye tope nataka gia ya kwanza, yenyewe inaitaka ya pili. Tunabishana njia nzima! Ubishi niliumaliza na marehemu baba yao, sitaanza upya na gari."

Akaliona lile ovaroli limetuna, akalifunua. "Na hii nini?"

Kipimo akapatwa na kikohozi. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri, mwenye mdomo usio na breki, akaeleza kila kitu, mpaka habari ya soksi.

Mama mkwe akausogelea ubao. Akavua kiatu, akakanyaga, akaanza kuhesabu. Alipofika sitini simu ikalia, akaipokea. Turubai mita sita kwa nne, ndiyo, lenye matundu ya kamba pande zote. Akamaliza maongezi, akaendelea sitini na moja. Mia ikapita. Kwenye mia na tisini springi ikalia kwacha, ikaruka, ikapotelea chini ya meza. Mama akavaa kiatu chake.

"Miaka thelathini na nne nakanyaga cherehani," alisema.

Kipimo alilijua hilo. Alipokwenda kuposa, cherehani hiyohiyo ilimtikisia kikombe mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya gereji ilikuwa ya zege.

Gia za mkono zikafungwa, na mama mkwe akamwamuru fundi apande wakajaribu mlimani. Kipimo alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akafanya toba ya haraka, akawa anakanyaga sakafu kila penye kona. Mama alipunguza gia bila hata kuutazama mkono wake. Pikapu ikapanda na maturubai yake yote, bila kuzima hata mara moja. Kileleni akavuta breki ya mkono.

"Ulinionea huruma."

"Nilikuheshimu, mama."

"Heshima gani hiyo? Msimamizi wa barabara unampima. Muuza mkaa unampima. Mama yako hata kumuuliza humuulizi?"

Kipimo akageukia dirishani. Machozi yalimlenga, akasingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mbele yao mteremko ulikuwa mkali, umejaa mawe.

"Mama, tunashuka kwa gia gani?"

"Ya kwanza," mama akasema, akiitia. "Na uache kunikanyagia sakafu."