Zimwi Lililosalimiwa Kihehe

Nilipokuwa darasa la nne huko Mafinga, miaka ya sabini, kazi yangu ya jioni ilikuwa kumsomea bibi kitabu kwa sauti huku yeye akipukuchua mahindi kando ya moto. Kitabu chetu kilikuwa kimoja tu, cha msichana aliyeingia ndani ya kibuyu akakuta humo nchi nzima.

Tatizo lilikuwa bibi. Kila alipotokea mtu mpya kwenye hadithi, alinikatiza. "Subiri, hatujamsalimu." Aliweka mahindi chini, akainamisha kichwa: "Kamwene!" Kisha alinikazia macho mpaka nimjibie huyo mgeni, kwa sauti ya mgeni, "Kamwene." Na mimi nataka kujua msichana ataokokaje! Nilikereka mpaka nikawa nafunga kitabu kwa kishindo.

Siku zimwi lilipobisha hodi, nilidhani angalau hilo tutaliruka. Bibi akasema, "Limefika mlangoni, ni mgeni." Akalisalimu. Nikajibu kwa sauti nzito ya tumboni, paka akatoka mbio, na mimi mwenyewe nikageuka kutazama mlango. Bibi akasogeza kigoda karibu na moto, tena kile kikubwa.

Sasa mimi ndiye bibi, nawasomea wajukuu. Wanasikiliza vizuri, hawanikatizi hata kidogo. Mgeni akiingia kwenye hadithi, nanyamaza, nangoja. "Bibi, endelea," wananihimiza. Naendelea, na mgeni wa watu anabaki amesimama mlangoni.