Mchanga wa Asubuhi ya Koito

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba yetu nikiosha mchanga, mikono imekufa ganzi kwa baridi, na gauni langu jipya bado limetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa siku ya koito yangu, siku ambayo watu wa mvulana huja kuposa. Mjukuu wangu, uliponipigia simu jana kutoka Kabianga ukauliza uweke mchanga au changarawe kwenye hilo tangi lako la samaki, nilicheka peke yangu hata babu yako akaniuliza kuna nini. Swali lako ndilo lililoniozesha.

Kaka yangu alikuwa ameleta kambare wawili wadogo kutoka bwawa la rafiki yake karibu na Longisa. Baba, aliyekuwa fundi wa madirisha, akawaundia tangi la kioo sebuleni. Majirani walitushangaa. Siku zile kwetu samaki hata kuliwa hakuliwa, sembuse kupewa nafasi sebuleni! Lakini mimi niliwapenda. Nikitoka kuchuma chai nilikaa mbele ya kioo nikiwatazama wakipitisha ndevu zao mchangani kutafuta chakula, na uchovu wote ukaniisha.

Sasa, usafi wa koito ulisimamiwa na shangazi yangu, senge, kama tunavyomwita kwa lugha yetu. Alikuwa mtu wa mambo makubwa. Mawe ya kando ya njia aliyapaka chokaa, mashina ya miti akayapaka, na nadhani kuku angetulia naye angepakwa. Nilipotoka kukamua ng'ombe nikakuta tangi limemwagwa maji, kambare wako kwenye beseni, na mchanga wao umetupwa kwenye mahindi. Pembeni kulikuwa na karai la kokoto za mjengo zilizochovywa chokaa, zinang'aa.

"Senge, hiyo si ya samaki," nikasema.

"Ni ya wageni. Unataka watu waingie waone matope kwa sebule? Waseme tunawapea msichana mchafu?"

"Hawa wanakula wakiwa chini. Hiyo kokoto itawakata ndevu, na chokaa itawaua kabla wageni wamalize chai."

"Basi wakufe! Kwani unaolewa na samaki?"

Nilimtazama baba. Baba akaangalia dari. Kumpinga senge siku kama hiyo ni jambo zito, mwanangu, maana baraka zake unazihitaji. Niliogopa sana. Lakini nilibeba lile karai nikalitoa nje, nikaenda kwa jirani aliyekuwa akijenga, nikaomba mchanga.

Mchanga huoshwa mpaka maji yatoke safi, nami sikuwa na muda huo. Wageni walipofika, tangi lilikuwa kama chai ya maziwa, na kambare bado wako kwenye beseni chini ya meza, kila mtu akiwaona. Senge alinikazia macho.

Wazee walipomaliza mazungumzo yao nikaitwa ndani, niulizwe mbele ya wote kama nawakubali watu hawa. Kabla sijaulizwa, mama wa mvulana, mwanamke mkimya aliyekuwa hajagusa hata chai yake, akanyoosha kidole kwenye tangi.

"Hii maji imefanya nini?"

Senge akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Ni mchanga, mama, bado haijatulia. Kulikuwa na kokoto ya kupendeza, lakini ingeumiza hawa." Nikaonyesha beseni. "Kwa hivyo nikaikataa."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Aliinama akawatazama kambare. Kisha akawageukia watu wake. "Huyu tunaweza kumwachia ng'ombe wetu. Anaangalia mnyama kwanza, halafu mgeni."

Wazee wakacheka, na senge akacheka kuliko wote, akaanza kueleza jinsi alivyonilea yeye mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikasahau kujibu lile swali la koito, wakaniuliza mara ya pili.

Basi sikiliza. Kabla hujanunua chochote, angalia samaki wako wanaishi wapi. Kama ni wa kulala na kula chini, wenye ndevu, weka mchanga laini, tena kidogo tu, maana ukirundikana huoza chini na kunuka. Kama ni wale wanaoogelea juu na katikati, changarawe itawafaa, ila iwe ya mviringo, si kokoto zenye makali. Ujue pia uchafu hujificha katikati ya mawe, itabidi uuvute kwa mpira wa maji kila unapobadilisha maji. Na chochote utakachochagua, kioshe mpaka uchoke, halafu kioshe tena.

Siku moja utakuwa na nyumba, na ndani yake watu wanaokutegemea. Hatakosekana senge wa kutaka ing'ae kwa ajili ya wageni. Mheshimu, mpe chai, lakini wanaoishi humo ndio uwaulize kwanza.

Maji yako yatulie mapema, mwanangu, samaki wako wanenepe. Na siku utakapotupeleka koito, Mungu akuonyeshe msichana mwenye mchanga kwenye kucha.