Wiski Iliyoonewa Wivu

Jumamosi, katika duka moja la pombe hapa London, nilipanga foleni nyuma ya mume na mke wa makamo. Mume ni wa bara. Mke, kwa lafudhi yake, ni wa Mombasa. Muuzaji alimwonjesha mume wiski ya Uskoti iliyolala pipani miaka ishirini na mitano, katika ghala kando ya bahari. Mume akanusa, akafumba macho.

"Mama watoto, ina moshi," akanong'ona. "Halafu ina chumvi ya pwani. Na kuzeeka kumeizidishia utamu!"

Mke akabetua midomo. "Na mimi si wa pwani? Sikuzeeka na wewe? Nguo zako nazifukiza udi kila wiki. Lini ulinifumbia macho hivyo?"

Mume akaweka glasi chini, akainama, akanusa mtandio wa mkewe polepole, macho kayafumba.

"Hebu toka, watu wanatuona!" mke akasema, lakini mkono wa mumewe hakuuachia. Wakaondoka bila chupa.

Muuzaji akanimiminia na mimi. Kweli, moshi ulikuwemo, na chumvi, na utamu uliokawia ulimini. Nikafumba macho. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.