Mkasi wa Mashoto

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua wachache. Kazini, nyumbani, hata dukani alikonunua sabuni, aliitwa Mashoto, naye aliitika bila kinyongo. Utotoni hakuwa akiitika. Mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kila wakati wa kula, na akithubutu kupokea kitu kwa mkono huo alichapwa vidole papo hapo, mbele ya wageni. "Toa mkono wa kulia, we mtoto! Huna adabu?" Shuleni mwalimu akamalizia kwa rula. Mtoto akajifunza kula na kuandika kwa mkono wa kulia, mwandiko wake kama kuku aliyepita kwenye matope, lakini akiachwa peke yake tu, kazi yote ilirudi kushoto.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, fundi cherehani. Siku moja shangazi alimkuta akihangaika na mkasi, kitambaa kinatafunwa badala ya kukatwa. "Kosa si la mtoto," akasema. "Kosa ni la mkasi." Akazunguka maduka mwezi mzima mpaka akaupata mkasi wa watu wa mashoto, ule ambao makali yake yamepishana kinyume. "Huu hata mimi siuwezi," akamwambia. "Ni wako peke yako, mwanangu. Asikunyang'anye mtu."

Shangazi alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mkasi ulibaki, na kwa mkasi huo Mashoto alikaa kwenye meza ya kukatia, katika karakana ya kushona sare, miaka kumi na tisa. Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki kufuata pateni ya karatasi, akakata: kola, mikono, mifuko. Kila bunda la vipande alilifunga kwa uzi, na msimamizi alipolikagua alisema "olraiti" na kulitundikia kikadi chenye neno hilo na sahihi yake. Bunda lisilo na kikadi haliendi kwenye cherehani.

Sasa huyo msimamizi. Alikuwa mtu wa makamo aliyekipenda Kiingereza kuliko Kiingereza kilivyompenda yeye. Kila barua ya mwenye karakana, ambaye aliishi mbali na hakuonekana, alisoma yeye na kutafsiri yeye, na nani wa kumbishia? Jumatatu moja likaja tangazo. Mteja fulani alikuwa amelalamika kwamba kitambaa chake laini kimekatwa kwa mkasi wa kukatia turubai. Tangazo lilikuwa na sentensi moja: "Use the right scissors." Msimamizi akalibandika ukutani, akakohoa.

"Agizo la bosi. Kuanzia leo, mkasi wa kulia tu."

Macho yote yakamgeukia Mashoto.

"Nimekata kwa huu tangu hujaja hapa," Mashoto alisema.

"Mama, mimi sibishani na maandishi. Lete." Akaunyakua mezani, akaufungia kabatini, akamwekea mwingine mbele yake. "Mpaka Ijumaa. Ukishindwa kukata kwa mkono wa kulia, utahamia kwenye kufagia vipande. Na usije ukanililia."

Mashoto hakulia. Aliushika ule mkasi mgeni mara moja, ukamng'ata kidole gumba na kutafuna ukingo wa kola, akauweka chini. Kisha akakunja mikono na kukaa hivyo mpaka saa ya kutoka.

"Mwenzangu, nyenyekea," mshonaji wa meza ya jirani alimnong'oneza. "Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Kukata ndiyo kazi yangu," Mashoto akajibu. "Kubusu watafute mwingine."

Nyumbani alimkuta binti yake anapika. Binti huyo alikuwa nesi, na Kiingereza kwake kilikuwa cha kazini, si cha kuringia. Mashoto akamwandikia sentensi ya lile tangazo nyuma ya bahasha, herufi moja moja, akamwonyesha kwa kidole neno lililomsumbua.

"Right," binti alisoma. "Mbona neno lenyewe lina ukoo mkubwa, mama? Ni kulia, upande wa kulia. Ni sahihi. Ni kitu kinachofaa. Ni haki pia, kama haki ya mtu. Hapo wamesema tumieni mkasi unaofaa. Kila kitambaa na mkasi wake."

"Kwa hiyo wangu unafaa?"

"Kwako wewe ni huo tu unaofaa."

Mashoto akaigeuzageuza bahasha. "Na 'olraiti'?"

"Neno lile lile. Maana yake safi, hakuna kasoro." Binti akacheka. "Kwa nini?"

Mama aliinuka. Alikwenda chumbani, akavuta kopo alilotunzia vikadi vya mabunda yake yaliyokwisha kushonwa; alipenda kuvihesabu siku ambazo kazi imemchosha.

Asubuhi alifika na kopo kwapani. Watu wote walikuwa wameshakaa. Akalimwaga juu ya meza ya msimamizi, vikadi vikatapakaa hadi sakafuni.

"Nisomee, bosi. Mimi sikusoma sana."

Msimamizi akaokota kimoja. "All right," akasoma.

"Na hiki?"

"All right. Vyote nimeandika hivyo. Unataka nini?"

"Nataka tafsiri. Kama 'right' ni kulia na basi, umetia sahihi miaka sita yote uliyokaa hapa kwamba nimekata vyote kwa mkono wa kulia. Ni uongo huo, na ni mwandiko wako. Au maana yake vimekatwa sawasawa. Hapo mkasi wangu ndio unaotakiwa na lile tangazo. Chagua wewe, unayejua Kiingereza."

Mtu mmoja akaguna, wa pili akacheka, na karakana nzima ikaangua kicheko hadi cherehani zikasimama. Msimamizi alilitazama tangazo, akavitazama vikadi. Yule jirani wa jana, mwenye wahenga wake, ndiye aliyepaza sauti: "Mpe mkasi wake!"

Msimamizi akafungua kabati. Alirudi nao polepole, akaunyoosha, kisha akaurudisha kifuani.

"Sawa. Lakini angalau pokea kwa adabu. Mkono wa kulia."

Kicheko kikakatika. Mashoto alisikia vidole vikimwasha pale pale alipokuwa akichapwa zamani, miaka arobaini na zaidi iliyopita. Akautia mkono wa kulia kwenye mfuko wa aproni, akanyoosha wa kushoto, kiganja wazi.

"Ule wa kulia ni wa kulia chakula," alisema. "Haki yangu naipokea kwa huu."

Mkono ukabaki umenyooshwa mpaka msimamizi akauweka mkasi kiganjani.