Fundi Anayesikiliza Feni

Fundi wa kompyuta wa Mwanga haanzi na bisibisi. Domitila, anayewachapia watu barua karibu na soko, alimwekea mashine mezani. Wateja walikuwa wamechoka kumsubiri, akataka kujua kama prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye kasi zaidi inafaa kuongezewa hela. Fundi alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa chake cha kijani, kama afanyavyo kila mara, akasema taratibu, "Kaa, mama. Chapa kama siku yenye foleni." Kisha akaweka sikio kwenye mashine, akafumba macho. Domitila alichapa ombi la kiwanja kuanzia juu mpaka sahihi. Soko zima lilikuwa linapiga kelele, lakini yule mtu alisikiliza feni tu, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto.

"Prosesa ikizidiwa, feni hulia," alisema. "Hii haijahema hata mara moja. Inakusubiri wewe." Akachukua prosesa mpya iliyokuwa mezani, ile ambayo angemuuzia papo hapo, akairudisha kwenye boksi. Domitila akavitazama vidole vyake. Miaka ishirini watu wamevisifu kwa wepesi, na huyu, tena akiwa amefumba macho, ndiye wa kwanza kusikia kwamba vimeanza kuchelewa.